Seli hutambuaje kuwa oksijeni imepungua, na kwa nini mwitikio huo hutibu hapa na kudhuru kule

Swali la msomaji: Baba yangu ana ugonjwa sugu wa figo na damu yake imepungua sana. Daktari ametueleza kwamba figo zake "hazitambui tena" kuwa oksijeni ni kidogo, na kwamba zipo dawa za kumeza zinazoufanya mwili ufanye kazi kana kwamba oksijeni ni haba. Lakini nimesoma pia kwamba saratani hustawi palipo na uhaba wa oksijeni. Seli hujuaje kwamba oksijeni imepungua? Inakuwaje hali hiyohiyo iwe dawa kwa mmoja na madhara kwa mwingine? Na je, kumpa baba oksijeni ya mtungi hakutoshi?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Maswali yako matatu yamefungamana, na lile la katikati, ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote, halijibiki mpaka la kwanza lieleweke vizuri, kwa hiyo naomba uvumilivu wako katika aya chache zijazo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mwili una njia ya haraka ya kuitambua oksijeni, na kila seli ina njia yake ya polepole. Njia ya haraka iko shingoni, katika kinundu kidogo cha tishu kilichopo pale ambapo ateri kubwa ya shingo hugawanyika mara mbili. Seli za kinundu hicho huhisi oksijeni ya damu ikishuka, na ndani ya sekunde chache huufanya ubongo uongeze kasi ya kupumua. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi yake kuhusu eneo hilo. Hata hivyo, kinachopimwa pale ni msukumo wa oksijeni iliyoyeyuka katika damu, si wingi wa damu yenyewe. Ndiyo maana mgonjwa kama baba yako anaweza kupoteza nusu ya himoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, bila kinundu hicho kushtuka, mradi mapafu yake yanafanya kazi. Daktari wenu alikuwa anazungumzia njia ya pili, ya polepole, ambayo imo ndani ya karibu kila seli ya mwili.

Ni vizuri pia kujua kwamba neno "upungufu" halina tarakimu moja. Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21, ambayo kwenye usawa wa bahari ni sawa na msukumo wa takriban milimita 160 za zebaki. Hewa ikifika kwenye vifuko vya mapafu msukumo huo umeshuka hadi kama 100, na ndani ya tishu nyingi zenye afya huwa kati ya 20 na 60. Sehemu ya ndani kabisa ya figo huishi maisha yake yote kwenye 10 hadi 20, kiwango ambacho kwa ubongo kingekuwa hatari. Kwa hiyo seli haina haja ya kujua tarakimu. Inahitaji kujua kama oksijeni inayoipata imepungua ikilinganishwa na ile iliyoizoea.

Inavyojua ni jambo la kustaajabisha, na nitalieleza kwa karibu kwa sababu kila dawa tutakayoitaja hapa chini imetokana nalo. Seli hutengeneza, usiku na mchana, protini iitwayo HIF-alfa. Protini hiyo ikiungana na mwenzake, HIF-beta, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni za kukabiliana na uhaba wa oksijeni, yaani hipoksia. Lakini oksijeni inapotosha, HIF-alfa haipati nafasi ya kufanya lolote, kwa kuwa inabomolewa karibu papo hapo baada ya kutengenezwa. Maisha yake huhesabiwa kwa dakika chache tu. Fikiria pipa linalojazwa na bomba lisilofungwa kamwe, huku tundu la chini likiwa wazi: maji hayapandi. Oksijeni ndiyo inayoliweka tundu hilo wazi. Ikipungua, tundu linaziba na maji yanapanda haraka, kwa sababu hakuna haja ya kusubiri bomba lifunguliwe. Seli, kwa maneno mengine, haina chombo kinachopiga kengele oksijeni inapokosekana. Ina kazi ya ubomoaji ambayo haiwezekani bila oksijeni, na kazi hiyo ikisimama, mwitikio unaanza wenyewe.

Ubomoaji huo hufanywa kwa hatua mbili. Kwenye mnyororo wa HIF-alfa kuna asidi amino mbili za aina ya prolini, zilizo katika nafasi ya 402 na ya 564. Kimeng'enya kiitwacho PHD hukamata molekuli moja ya oksijeni na kuipasua: atomu moja hupachikwa kwenye prolini, na nyingine hupewa kemikali ndogo iitwayo oksoglutarati, ambayo hapo hapo huvunjika na kuwa suksinati na kaboni dioksidi. Kisha protini nyingine, VHL, huja kuikagua HIF-alfa. Ikiikuta prolini yenye ile atomu moja ya nyongeza, huishika na kuibandika alama ya kupelekwa kwenye proteasomu, mahali ambapo seli husagia protini zisizotakiwa. Isipoikuta atomu hiyo, huiacha ipite. Uhai na kifo cha protini nzima, yenye asidi amino zaidi ya 800, vinategemea alama ndogo kiasi hicho.

Kimeng'enya cha PHD kina sifa mbili zinazokifaa kwa kazi hii. Ya kwanza ni uvivu wake. Mitokondria, yaani viwanda vya nishati vya seli, zinaweza kuendelea kutumia oksijeni hadi inapokaribia kwisha kabisa, lakini PHD huanza kupunguza kasi mapema, wakati seli ingali na akiba, na hivyo mwitikio huanza kabla ya maafa. Ya pili ni kwamba kinahitaji madini ya chuma katikati yake. Ukiyaondoa madini hayo, au ukiyabadilisha kwa kobalti, kimeng'enya hulala na seli hudanganyika kwamba oksijeni imekwisha. Katikati ya karne iliyopita madaktari waliwapa wagonjwa wenye upungufu wa damu chumvi za kobalti, damu ikaongezeka, sumu nayo ikajitokeza, na hakuna aliyejua sababu ya lile la kwanza. Leo tunajua.

Ugunduzi wenyewe ulianzia kwenye damu, si kwenye saratani. Mwaka 1890 Mfaransa François Viault aliona katika milima ya Peru kwamba chembechembe nyekundu za damu yake na ya wenzake ziliongezeka baada ya muda mfupi tu wa kukaa juu. Mwaka 1906, Paul Carnot na Clotilde Deflandre walipendekeza kwamba kuna kitu katika damu kinachoamuru uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, uzalishe chembechembe hizo. Ilichukua hadi mwaka 1977 kwa Eugene Goldwasser wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake kukipata kitu hicho katika hali safi, na walikichuja kutoka kwenye lita zaidi ya 2,500 za mkojo wa wagonjwa wa Japani ambao uboho wao ulikuwa umezimika. Ndiyo homoni tunayoiita erithropoietini, au EPO. Miaka ya 1990 Gregg Semenza huko Baltimore aliuliza swali dogo: ni nini kinachoiwasha jeni ya EPO oksijeni inaposhuka? Jibu likawa HIF. Peter Ratcliffe wa Oxford akaonyesha kwamba uwezo huo wa kuitambua oksijeni umo hata katika seli ambazo hazitengenezi EPO kabisa, jambo lililobadilisha mawazo ya wengi, kwani ilionekana wazi kuwa hatuzungumzii tena siri ya figo peke yake. William Kaelin wa Boston, ambaye alikuwa akichunguza ugonjwa wa kurithi wa uvimbe, akaifikia njia hiyohiyo kwa mlango mwingine nitakaourudia. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

HIF ikishapanda, hufanya nini? Baadhi ya maagizo yake ni ya mwili mzima: EPO iongezeke, chuma kifyonzwe zaidi kutoka tumboni, mishipa mipya ya damu iote kuelekea penye uhaba. Mengine ni ya ndani ya seli yenyewe. Seli huongeza milango ya kuingizia glukosi, huharakisha uchomaji wa sukari usiohitaji oksijeni, na huyafunga makusudi malango ya kuingilia mitokondria ili kinachobaki cha oksijeni kisimalizwe. Bei yake ni kubwa, kwa sababu molekuli moja ya glukosi ikichomwa kikamilifu kwa oksijeni hutoa kama vipande 30 vya nishati ya ATP, na bila oksijeni hutoa viwili tu na kuacha asidi laktiki. Seli hukubali hasara hiyo ili isife. Uamuzi huu ni sahihi kwa seli. Kama ni sahihi kwa mwenye mwili, hilo ni suala jingine, na ndipo magonjwa yanapoanza kutofautiana.

Turudi kwa baba yako. Figo zimekabidhiwa kazi ya kuipima damu kwa sababu nzuri: hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni, na matumizi yao ya oksijeni hupanda na kushuka sambamba na wingi wa damu inayopita, hivyo mtiririko ukibadilika kidogo hauwadanganyi. Kinachobaki kuwashtua ni kupungua kwa oksijeni inayobebwa na damu yenyewe. Seli za EPO ziko kati ya mirija ya figo, karibu na mpaka wa sehemu ya nje na ya ndani, na hutumia zaidi aina ya HIF iitwayo HIF-2. Katika ugonjwa sugu wa figo, seli hizohizo hugeuka na kuwa seli za kovu. Zinaanza kufuma nyuzi na kuiacha kazi ya homoni.

Hapa naomba niisahihishe kidogo kauli mliyopewa. Kusema kwamba figo "hazitambui tena" ni nusu ya ukweli. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, ambao figo zao zimeshindwa kabisa kuchuja, wamepewa dawa zinazolaza PHD, na EPO yao wenyewe ikapanda. Hata watu walioondolewa figo zote mbili hupata ongezeko fulani, kwa kuwa ini, ambalo ndilo chanzo kikuu cha EPO kabla ya kuzaliwa, huamka tena. Maana yake ni kwamba uwezo wa kutengeneza homoni haujafa wote. Sehemu kubwa ya tatizo ni kwamba agizo halitolewi kwa kiwango kinacholingana na upungufu uliopo. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba figo isiyochuja haifanyi kazi nzito ya kurudisha chumvi kwenye damu, kwa hiyo hutumia oksijeni kidogo, na seli zilizobaki huona kana kwamba oksijeni inatosha ilhali mwili mzima una njaa yake.

Dawa alizozitaja daktari wenu hulaza PHD kwa saa kadhaa, HIF hupanda, EPO hutoka, kisha dawa huisha nguvu na HIF hushuka. Ya kwanza kuidhinishwa popote ilikuwa roksadustati, nchini China mwaka 2018. Marekani iliidhinisha daprodustati mwaka 2023 na vadadustati mwaka 2024, zote kwa wagonjwa ambao tayari wamekuwa wakisafishwa damu kwa miezi kadhaa. Faida yake juu ya sindano za EPO ni kwamba humezwa, na kwamba hupunguza hepsidini, homoni inayofungia chuma ghalani. Kwa mgonjwa ambaye ana chuma mwilini lakini hakitoki kutumika, hilo si jambo dogo. Lakini kwa maoni yangu zimesifiwa kupita kiasi. Zinapandisha himoglobini kama sindano zinavyopandisha, hazijathibitika kuwa salama zaidi kwa moyo, na zile mbili zilizoidhinishwa Marekani zina onyo zito kwenye maelezo yake kuhusu mgando wa damu, shambulio la moyo na kiharusi.

Sasa saratani. Mwaka 1955 Waingereza R. H. Thomlinson na L. H. Gray walitazama kwa hadubini vipande vya saratani ya mapafu vilivyokatwa kwa wembamba. Waliona seli za saratani zimejipanga kama kamba nene, na mishipa ya damu ikiwa nje ya kamba. Kamba nyembamba zilikuwa hai hadi katikati. Kamba nene zilikuwa na kiini kilichokufa, na ukanda wa seli hai uliozunguka kiini hicho haukupanuka sana hata kamba ingenenepa kiasi gani, ukibaki chini ya sehemu moja ya tano ya milimita. Walikokotoa umbali ambao oksijeni inaweza kusafiri kutoka kwenye mshipa kabla ya kwisha, wakakuta unakaribiana na upana wa ukanda ule. Mpakani, kati ya walio hai na waliokufa, wanaishi wale ambao hupata oksijeni kidogo mno, na hao ndio wanaotutesa. Mionzi ya tiba huhitaji oksijeni ili uharibifu wake kwenye DNA uwe wa kudumu, na seli isiyo na oksijeni huhitaji dozi karibu mara tatu ili iuawe. Dawa zinazosafiri kwa damu haziwafikii vizuri. Na HIF, ikiwa imepanda ndani yao, hufanya yote iliyozaliwa kuyafanya: huita mishipa mipya, hubadilisha chakula, huwasaidia kuhama. Hakuna agizo hata moja hapo lililobuniwa na saratani. Ni maagizo yaleyale yanayomwokoa mpanda mlima, yametumika kwa niaba ya seli isiyostahili kuokolewa.

Lakini kuna aina ya saratani ambayo haina haja hata ya uhaba wa oksijeni. Kaelin alivutiwa na ugonjwa wa von Hippel-Lindau, unaorithiwa, ambao wenye nao huota uvimbe kwenye jicho, ubongo wa nyuma, figo na tezi za juu ya figo. Uvimbe huo una sifa mbili za ajabu: umejaa mishipa ya damu, na baadhi hutoa EPO hadi damu ya mgonjwa inakuwa nzito. Jeni iliyoharibika ni ile ya VHL, mkaguzi tuliyemtaja juu. Bila mkaguzi, HIF-alfa haibomolewi hata kama oksijeni imejaa tele, na seli huishi katika hipoksia ya uongo isiyokoma. Jeni hiyohiyo huharibika pia katika sehemu kubwa ya saratani za kawaida za figo, zisizorithiwa. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha belzutifani, dawa inayoketi ndani ya HIF-2 na kuizuia isiungane na mwenzake. Tazama athari zake zinazojulikana sana: upungufu wa damu, na kushuka kwa oksijeni mwilini. Dawa inayomtibu mgonjwa huyu kwa kuizima HIF-2 humpa, kwa kiasi, ugonjwa wa baba yako. Na dawa anayoweza kupewa baba yako hukielekeza kitu kilekile upande wa pili. Sidhani kama kuna ushahidi bora zaidi kwamba mnazungumzia swichi moja.

Je, basi, kuiwasha HIF kwa baba yako kutampa saratani? Hili ndilo naona linakunyima usingizi, na asili imetupatia watu wa kuwatazama. Huko Chuvashia, nchini Urusi, kuna familia zenye hitilafu ya jeni ya VHL iliyorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Hitilafu hiyo haimwondoi mkaguzi, inamlegeza tu, kwa hiyo HIF yao iko juu kiasi tangu utotoni hadi uzeeni. Chembechembe zao nyekundu ni nyingi kupita kiasi, wana mgando wa damu, kiharusi, na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Uvimbe wa von Hippel-Lindau hawana. Kwa hiyo HIF iliyopanda kidogo, hata kwa maisha yote, haijatosha peke yake kuanzisha saratani kwa watu hao. Imetosha kabisa kuziba mishipa. Kuusaidia uvimbe ambao tayari upo ni jambo tofauti, ndiyo maana dawa hizi hazipendekezwi kwa mtu mwenye saratani hai. Kwa hiyo ningekuwa mimi ninayemwuguza, ningeuogopa mgando kwanza na saratani baadaye.

Fundisho la wakazi wa Tibeti linaelekea upande huohuo. Wao wameishi vizazi vingi kwenye mwinuko wa mita 4,000 na zaidi, na ungetegemea damu yao iwe nzito kuliko ya wote. Wengi wao wana aina ya pekee ya jeni ya HIF-2 inayoupunguza mwitikio, na himoglobini yao ni ndogo kuliko ya wageni wanaokaa mwinuko uleule. Uteuzi wa asili, ukipewa muda wa kutosha, ulichagua kutuliza mwitikio badala ya kuuongeza. Nao wakazi wa Andes, ambao wengi hawana kinga hiyo, ndio ambao Carlos Monge wa Peru alieleza ugonjwa wao wa damu nzito mwaka 1925.

Magonjwa mengine nitayapita haraka. Katika shambulio la moyo na kiharusi, mshipa umeziba na oksijeni inakatika kwa dakika, ilhali kazi ya HIF huhitaji saa na siku. Mwitikio huu haumfai mgonjwa kwa wakati, na tiba ni kuuzibua mshipa mapema. Kwa mtu ambaye pumzi hukatika usingizini mara nyingi kila usiku, oksijeni hushuka na kupanda kwa mawimbi, na kinachosumbuliwa zaidi ni kile kinundu cha shingoni, ambacho huanza kupandisha shinikizo la damu hata mchana. Katika mapafu mishipa hujibana palipo na oksijeni kidogo, jambo linalosaidia sehemu moja ikiwa na nimonia, kwa kuwa damu huelekezwa penye hewa. Lakini mapafu yote yakikosa oksijeni kwa miaka, kubanwa huko huuchosha upande wa kulia wa moyo.

Sasa mtungi wa oksijeni. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye himoglobini ya gramu 15 katika desilita hubeba karibu mililita 20 katika kila desilita ya damu. Mwenye gramu 8 hubeba kama mililita 10.5. Kama mapafu ya baba yako ni mazima, himoglobini aliyonayo tayari imejaa oksijeni kwa karibu asilimia 97, kwa hiyo mtungi hauna pa kuongeza ila ile kidogo inayoyeyuka kwenye maji ya damu: kutoka mililita 0.3 kwa hewa ya kawaida hadi chini ya mililita 2 akivuta oksijeni tupu. Pengo la karibu mililita 10 halizibwi hivyo. Mtungi una kazi yake pale kipimo cha kidoleni kinapoonyesha oksijeni imeshuka, kwa mfano akipata nimonia au maji yakijaa mapafuni. Kama tiba ya upungufu wa damu hautasaidia, na oksijeni ikizidi mwilini, kichocheo kidogo cha EPO kilichobaki hupungua zaidi.

Kabla hajaanza vidonge hivyo, muulizeni daktari mambo haya. Je, akiba ya chuma imepimwa, yaani feritini na kiwango cha ujazo wa transferini? Bila chuma, EPO iwe ya sindano au ya mwili wenyewe huamuru uboho ambao hauna malighafi, na dozi huongezwa bure. Himoglobini inalengwa ifike wapi? Majaribio makubwa ya sindano za EPO yaliyochapishwa mwaka 2006 na 2009 yalionyesha kwamba kuisukuma hadi kiwango cha mtu mzima wa afya huongeza madhara, kiharusi kikiwamo, kwa hiyo jibu likizidi gramu 11 au 11.5 ombeni maelezo. Elezeni wazi kama amewahi kupata kiharusi, shambulio la moyo, mgando mguuni au kwenye mshipa wa kusafishia damu, au saratani yoyote. Taja pia vidonge vyake vingine vyote, kwa sababu vya chuma na vya kufunga fosfeti huzuia baadhi ya dawa hizi zisifyonzwe, na saa za kuvimeza hutenganishwa. Akishaanza, himoglobini ipimwe mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, na ikipanda kwa zaidi ya gramu 1 ndani ya wiki mbili dozi ipunguzwe hata kama anajisikia vizuri. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika ghafla, uso ukipinda, usemi ukiharibika, au mshipa wa kusafishia damu ukiacha kutetema chini ya kidole, msisubiri siku ya miadi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na vidonge alivyokuwa anameza vichukuliwe mkononi.